Foleni Isiyo na Rejesta

Ukitaka kujua nani aliishi Samunge, unaanzia kwa mtendaji wa kijiji, kwenye rejesta ya wakazi. Lakini mwaka 2011 kijiji hiki cha Wasonjo kilifurika watu wasio wakazi. Walifuata kikombe cha Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, kwa shilingi 500. Walilala ndani ya magari, siku baada ya siku. Wengine walifia foleni. Rejesta haikuwekwa kwa ajili yao. Sensa ya Agosti 2012 ilihesabu watu pale walipolala, ila wimbi lilikuwa limeshapita. Yamebaki magazeti. Nayo (naona ajabu hadi leo) yaliwataja mawaziri waliokunywa. Wengine wengi waliandikwa “maelfu”.