Ustawi wa Kiroho kwa Mwenye Ugonjwa Sugu wa Figo

Pande za Bunia, mashariki mwa Kongo, hospitali na kanisa vimekua pamoja. Kituo cha Kiinjili cha Matibabu cha Nyankunde kilianzishwa na wamisionari. Ndiyo maana mtu wa huku akisikia “kiroho” huwaza kwanza maombi na mchungaji, na istilahi “ustawi wa kiroho” inadai maelezo.

Ugonjwa wa figo huitwa sugu ukishadumu miezi 3 au zaidi. Figo zilizoharibiwa na shinikizo la damu au kisukari hazirudi kuwa mpya. Zikishindwa kabisa, mgonjwa hutegemea kupandikizwa figo au mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Maji ya kunywa anapimiwa, ngozi inamwasha, jembe limemshinda. Aliyekuwa akilisha nyumba sasa analishwa, naye anajiuliza kama bado ana kazi yoyote duniani. Swali hilo halionekani kwenye kipimo cha damu.

Ustawi wa kiroho ni hali ya mtu kuona maisha yake yana maana, kuwa na amani ndani, na kuwa na kitu anachokitegemea kuliko nguvu zake. Dodoso la FACIT-Sp, linalotumika sana kwa wagonjwa, lina kauli 12 kuhusu maana, amani na imani. Imani, basi, ni sehemu moja tu.

Wapo wanaosema “afya ya kiroho”. Mimi nashika “ustawi”. Ukitaja afya, mgonjwa hutarajia kupona, na anayengoja muujiza aweza kuacha vidonge vya presha. Ustawi waweza kuwepo hata katika mwili usiopona. “Kiroho” nalo libaki: roho kutulia, roho kuuma, roho nzuri, ni maneno ya Mkristo, Mwislamu na asiyesali vilevile.

Muuguzi wa Bunia, ukishapima presha, muulize mgonjwa roho yake iko namna gani, kisha usikilize. Akitaka mchungaji au imamu, aitiwe. Akitaka kuzungumzia watoto aliowaacha Djugu, kaa naye. Na dawa zake aendelee kuzinywa.