Tarehe ya Frere Town na Vitabu Vyake

Hii ni habari ya mtaa wa Frere Town, Kisauni, na ya vitabu vilivyoutia katika maandishi. Mmijikenda akiulizwa asili yake huanzia kaya. Mswahili wa Mombasa hukutajia taifa lake katika Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya mji. Watu wa Frere Town nasaba yao huanzia penye karatasi za kanisa, kwa kuwa wengi wa wazee wao waliteremshwa pwani bila baba wala mama wa kuwatambulisha.

Mishenari Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka uleule akamzika mkewe Rosina na kitoto chao upande huu wa bara. Mwaka 1846 yeye na mishenari mwenzake Rebmann wakafungua misheni Rabai. Kwa karibu miaka 30 kazi ilibaki ndogo. Ikaja Juni 1873, Sultani Barghash akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na mateka waliookolewa hawakuwa na pa kuwekwa. Ndipo CMS, chama cha mishenari wa Kianglikana, ikamtuma William Salter Price, aliyefika mwishoni mwa 1874. Mwaka 1875 akanunua ardhi Kisauni na kuipa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza katika suala la watumwa, na kabla mwaka haujaisha mateka kwa mamia walikuwa wameshushwa hapo: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo.

Price hakuanza na mikono mitupu. Alikuwa amewalea Waafrika waliokombolewa huko Nasik, India, na baadhi yao walikwishatangulia Rabai tangu 1864: William Jones, Ishmael Semler, George David. Hawa walijua kusoma na kuandika, tena lugha za pande zote mbili. Mishenari alipohitaji kumhoji mgeni asiyejua Kiingereza, wao ndio waliokuwa ulimi wake.

Kielelezo cha daftari la ubatizo la Kianglikana kilitungwa kwa parokia za Uingereza, mtoto akiletwa kwenye kisima cha ubatizo na wazazi wake. Lina safu ya jina, ya wazazi, ya makao, ya kazi ya baba, na ya kasisi aliyebatiza. Mtoto aliyetekwa karibu na Ziwa Nyasa na kubatizwa Kisauni fomu hiyo haikumtazamia. Alichoweza kupewa kwa hakika ni jina jipya na tarehe, na tarehe hiyo ndiyo chimbuko la ukoo wake wa leo.

Kando ya madaftari kulikuwa na barua na shajara ambazo mishenari walipaswa kuzituma makao makuu London. Humo mna yale ambayo daftari haliyataji. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 zilifika habari za viboko alivyowachapa wakazi msimamizi J. R. Streeter, uchunguzi ukafanywa, na utumishi wake ukakoma. Watu walioitwa huru walikuwa wakipigwa ndani ya mji wao wa uhuru, na ushahidi umehifadhiwa na chama kilekile kilichomwajiri msimamizi.

Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwawekea mikono Jones na Semler kuwa mashemasi. Jones akafuatana naye safari ya Uganda, Hannington akauawa Busoga, na Februari 1886 Jones akarudi Rabai na msafara uliosalia chini ya bendera ya buluu yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Shajara yake ni miongoni mwa maandishi ya awali ya kasisi Mwafrika wa pwani hii.

Kisha likaja suala la watumwa watoro waliokimbilia misheni. Tarehe 1 Januari 1889, baada ya George Mackenzie wa kampuni ya IBEA kukubali kuwalipa wenye watumwa fidia, hati za uhuru zilitolewa Rabai. Walioandikishwa katika misheni walizidi 1,400. Price, aliyekuwa amerudi, aliyasimulia hayo katika kitabu chake cha 1890.

Shule ya makasisi ya St. Paul's ilianzia Frere Town mwaka 1903, ikahamia Limuru mwaka 1930, na mwaka 1955 ikawa chuo cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti kwa pamoja. Kwa njia hiyo makasisi wa makanisa matatu wana asili ya kielimu hapa Kisauni.

Wenyeji wenyewe walishika kalamu. James Juma Mbotela, mwana wa mateka Myao, alitoa *Uhuru wa Watumwa* mwaka 1934, kutokana na masimulizi ya wazee wake. Leonard Mambo Mbotela wa ukoo huohuo, aliyezaliwa Frere Town mwaka 1940, akawa sauti ya redio ya taifa hadi nchi nzima ikamjua.

Leo karatasi za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na sehemu nyingine Nairobi katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Matatu hushusha abiria Kengeleni, penye kengele iliyowekwa kuwaonya wakazi dhidi ya wavamizi wa watumwa. Barua zinazoeleza hofu hiyo ziko ng'ambo. Anayetafuta jamaa zake na aanzie cheti cha ndoa cha bibi, arudi nyuma kwenye ubatizo, kisha barua zilizotumwa London. Atakapofika kwenye jahazi lililokamatwa, mara nyingi atakuta jina la kabila tu. Zaidi ya hapo atawategemea wazee waliosimuliwa, na hao wahojiwe sasa, wangali hai.