Jina Katika Daftari: Njombe na Makambako

Daftari la kwanza la serikali kuingia katika nchi ya Wabena halikuuliza jina la mtoto aliyezaliwa wala la mzee aliyefariki. Liliuliza nyumba. Sheria ya kodi iliyotungwa na Wajerumani mwaka 1897, ikaanza kutumika mwaka uliofuata, ilimtaka karani ahesabu mapaa, na mwenye paa alipe. Aliyelala chini ya paa hilo hakuwa na haja ya kujulikana zaidi ya hapo. La ajabu ni kwamba watawala hao, kwao Ujerumani, walikuwa wakiandika kila uzazi na kila kifo katika daftari la serikali tangu mwaka 1876. Thamani ya jina waliijua vema. Hawakuona haja ya kuivusha bahari.

Majina yaliandikwa pengine. Katika misheni ya Kidugala, iliyoanzishwa na Walutheri wa Berlin mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na baadaye katika misheni nyingine za nyanda hizo, kila aliyebatizwa alitiwa katika kitabu pamoja na wazazi wake na tarehe. Hivyo ikawa kanisa linajua watu na serikali inajua nyumba, hali iliyodumu kuliko ilivyotazamiwa na yeyote.

Waingereza walitunga sheria ya kusajili vizazi na vifo mwaka 1920, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Aprili 1921. Lakini ulazima wake uliwaelekea kwanza Wazungu na Waasia. Mwafrika wa kijijini aliachwa nje ya ulazima huo kwa miaka mingi, na maofisa walitoa sababu ya gharama na ya umbali. Karatasi alizozijua mtu wa Njombe zilikuwa mbili. Ya kwanza ni stakabadhi ya kodi. Ya pili ni kipande, yaani kadi iliyotiwa alama siku kwa siku mpaka zitimie siku thelathini za kazi, ndipo mshahara ulipwe. Wilaya ya Njombe ilikuwa miongoni mwa chemchemi kubwa za vibarua wa mashamba ya mkonge, na vijana wake walikwenda hata Tanga wakatafute fedha za kuipata ile karatasi ya kwanza kwa jasho la karatasi ya pili.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 bendera ilibadilika, stakabadhi ikabaki. Kodi ya kichwa ilifutwa mwaka 1969, ikarudi katika miaka ya 1980 kwa jina la kodi ya maendeleo, na haikuondoka mpaka mwaka 2003. Wanaume waliofikia utu uzima kabla ya hapo wanawakumbuka mgambo waliosimama njiani siku za gulio, na wanazikumbuka pia njia za mashambani za kuwakwepa. Kwa muda wa zaidi ya karne moja, basi, mtu wa nyanda hizi alifundishwa kwamba serikali inapouliza jina lake, inataka kitu. Funzo hilo likikaa sana halitoki kwa tangazo la redio, na asiyelijua atadhani kwamba watu walioacha kusajili vifo vya ndugu zao walikuwa wazembe tu.

Mambo yaligeuka kwa upesi usio wa kawaida. Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kwa jina la RITA, ulianza mwaka 2006. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa mwaka 2008. Na Wakala ya Serikali Mtandao mwaka 2012, ikapandishwa kuwa mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2019 wenye simu waliamriwa kusajili laini zao kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Muda ulisogezwa mara moja, hata tarehe 20 Januari 2020, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Mkulima wa viazi au wa chai anayeweka fedha zake katika simu aliona kwa mara ya kwanza kwamba kutojulikana na serikali, ambako kulimnusuru babu yake, kunaweza kumfungia yeye mlango.

Makambako ni mahali pazuri pa kutazama mageuzi hayo. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inakutana hapo na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, ina stesheni yake. Mji umekua kwa kupitwa na watu. Katika maduka ya steshenari vijana wenye kompyuta huwajazia wengine fomu za serikali kwa ujira mdogo: namba ya malipo inatolewa, fedha inalipwa kwa simu, na ombi linakwenda Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Zamani mtu huyo angepanda basi kilomita zipatazo sitini hadi Njombe, ofisi ya wilaya iliko, na pengine angeambiwa arudi kesho. Faida hii si ndogo, na anayeibeza yamkini hajapata kulala stendi ya Njombe usiku wa mwezi Julai.

Lakini mtandao haukuandika daftari, unalisoma tu. Hapo ndipo penye uchungu wa habari hii, nao unaonekana zaidi kwa yatima waombao mkopo wa masomo.

Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012, umebeba mzigo wa UKIMWI kuliko mkoa mwingine wowote wa Tanzania. Uchunguzi wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na ule wa 2022–23 ulikuta asilimia 12.7 kwa watu wazima, hali kiwango cha taifa kilikuwa asilimia 4.4. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, lakini zilichukua muda kupanda milima. Katika muda huo wazazi wengi walifia majumbani, wakazikwa kesho yake, na msiba ukaisha bila mtu kukumbuka kwamba sheria inataka kifo kiarifiwe ndani ya siku thelathini. Nani angeacha matanga asafiri kwenda wilayani kumwandikisha marehemu? Na angemwandikisha ili apate nini?

Jibu la swali hilo lilikuja miaka kumi na mitano baadaye, tena kwa mtu mwingine. Mwombaji wa mkopo anatakiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na aliyefiwa na wazazi anatakiwa pia vyeti vya vifo vyao, navyo vihakikiwe. Yatima ndiye anayestahili kufikiriwa kwanza, na yatima ndiye anayedaiwa ushahidi mwingi kuliko wote. Kijana wa namna hii akikaa mbele ya kompyuta Makambako anaulizwa namba ya cheti kisichopata kuandikwa. Hapo safari ambayo mtandao ulikusudiwa kuiondoa inaanza upya kwa miguu: kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua, kwa wazee wa ukoo kuandika muhtasari wa kikao, kwa mashahidi waliohudhuria mazishi, kisha wilayani kusajili kifo, halafu kurudi kwenye mtandao kuomba uhakiki wa cheti ambacho wino wake haujakauka. Wakati huo dirisha la maombi, ambalo hufunguliwa kwa wiki chache tu kila mwaka, linakaribia kufungwa. Likimfunga nje, amepoteza mwaka, na katika nyumba zisizo na mzazi mwaka uliopotea aghalabu haurudi.

Lipo jambo jingine lisilohesabiwa katika taarifa za serikali mtandao. Kijana huyo analazimika kuwauliza majirani siku gani mama yake alifariki, na kwa ugonjwa gani. Na katika nchi ambamo ugonjwa huo ulinong'onwa, majibu hutolewa kwa macho yaliyoinamishwa. Ustawi wa raia unapimwa kwa saa alizookolewa kwenye foleni. Saa ile ya uani kwa jirani haiwekwi katika hesabu. Wengine wanaokolewa na kitabu cha ubatizo, kwa kuwa cheti chake hupokelewa kama ushahidi wa kuzaliwa. Wino wa misheni unafanya kazi ambayo dola tatu, moja baada ya nyingine, hazikuifanya.

Badiliko lililo kubwa kuliko la kompyuta lilifanyika mwaka 2016, wakati mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulipofika Iringa na Njombe. Cheti kiliandikwa kwa mkono, bila malipo, katika zahanati na ofisi ya kata, na habari zake zikapelekwa makao makuu kwa simu ya mkononi. Hapa daftari lilimfuata mtu mpaka mahali ambapo mama huleta mtoto apimwe uzito. Simu ilikuwa mjumbe tu.

Watoto wakubwa wa mpango huo, waliozaliwa mwaka 2011, watafikia umri wa chuo kikuu karibu na mwaka 2030, kila mmoja na cheti chake. Mpango uliandika vizazi, vifo haukuviandika. Waliowatangulia bado wanaonekana, miezi ya maombi inapofika, wakishuka katika mabasi ya Lupembe na Ludewa wakiwa na bahasha mkononi na mzee mmoja nyuma yao, aliyekuja kushuhudia kwamba kaburi lipo.