Kuchukua Kinyama

Madaktari huiita biopsia: kutoa kipande kidogo cha mwili wa mtu aliye hai ili kichunguzwe kwa hadubini. Muuguzi wa Shinyanga au Geita hasemi hivyo mbele ya mgonjwa. Husema, "Mama, tutachukua kinyama kidogo tukapime." Mimi naliunga mkono jina hilo. "Sampuli ya tishu" ni sahihi kwenye fomu ya maabara, lakini mama aliyetoka Kahama akilisikia anaweza kudhani ni damu. Kinyama anakielewa papo hapo: ni kitu kidogo, na kinatoka mwilini mwake.

Kitenzi ndicho cha kuangalia. Wengi husema "kukatwa kinyama", na neno kukatwa linaamsha hofu ya siku nyingi kwamba uvimbe wa titi ukiguswa na chuma unasambaa. Hofu hiyo ina chanzo. Watu wamewaona wanawake waliopasuliwa, kisha wakafariki baada ya miezi michache. Wasichokiona ni kwamba wengi wao walifika hospitali wakati saratani imekwisha kupita kwenye tezi za kwapani na kuingia mapafuni, kwenye ini au kwenye mifupa. Kisu kikabebeshwa lawama ya ucheleweshaji. Hakuna ushahidi kwamba kuchukua kinyama cha titi kunafupisha maisha ya mgonjwa. Kwa hiyo tuseme "kuchukua", tuache "kukata", maana mara nyingi hakuna hata kisu. Sehemu hupigwa ganzi, sindano nene huingizwa kwenye uvimbe na kutoka na vipande vyembamba. Ipo pia sindano nyembamba inayofyonza chembe tu; hiyo ni ya haraka na nafuu, lakini haitoi habari zote anazozihitaji daktari.

Kinyama huwekwa kwenye formalini kisioze, kikagandishwa katika nta, kikakatwa vipande vyembamba mno na kutiwa rangi. Mwanapatholojia ndiye anayekisoma. Mara nyingi jibu ni la heri, kwa sababu uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ikiwa ni saratani, kazi ya kinyama ndiyo kwanza inaanza: kipimwe kama chembe zake zina vipokezi vya homoni, na kama zina protini ya HER2 kwa wingi. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu au Kakola hakodi karasha la kusagia mawe kwa sababu tu jiwe linang'aa; hupeleka sampuli kwanza. Titi linastahili uangalifu huo na zaidi.

Matibabu yote yanasimama juu ya jibu hilo. Saratani yenye vipokezi vya homoni hujibu vidonge kama tamoksifeni, kimoja kwa siku kwa miaka 5 au hata 10, baada ya upasuaji. Yenye HER2 ina dawa yake, trastuzumabu, ambayo ni ghali. Isiyo na vyote hivyo hutegemea sana tibakemikali, zile dripu zinazonyonyoa nywele, ambazo huota tena. Uvimbe ukiwa mdogo, daktari anaweza kuondoa uvimbe peke yake na kuliacha titi, kisha mgonjwa akapigwa mionzi. Ukiwa mkubwa huanza dripu ili upungue, au titi zima likaondolewa. Kumpa mgonjwa dawa hizi bila kinyama kupimwa ni kubahatisha, na mwili wa mtu si mahali pa kubahatisha.

Zamani mgonjwa wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alikwenda mpaka Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Leo Hospitali ya Bugando, Mwanza, inatoa upasuaji, dripu na mionzi. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limemwondolea mtu wa Geita foleni ya kivuko cha kwenda Mwanza. Barabara imefupika, kinachobaki kirefu ni muda kati ya kushika uvimbe na kupata jibu. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku hizo huliwa na dawa za kupaka, na kwa mganga, na antibiotiki za "jipu" lisiloiva, na nauli inayongoja mavuno ya pamba. Na ugonjwa huu kwetu hausubiri uzee: katika saratani za matiti zaidi ya 300 zilizothibitishwa Bugando na kuchapishwa mwaka 2011, wastani wa umri wa wagonjwa haukufika miaka 50.

Ukishika uvimbe, au ngozi ya titi ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, au chuchu ikaingia ndani au kutoa damu, nenda hospitali wiki hiyohiyo. Kinyama kikichukuliwa, usiondoke kabla ya kuuliza mambo matatu: kimepelekwa maabara gani, majibu yatatoka lini, na vipokezi vitapimwa? Uliza hata kama chumba kimejaa watu. Ni haki yako.