Shule ya Mazoezi

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nilipokuwa mwanachuo wa ualimu, hatukuruhusiwa kuwaendea watoto wa watu hivi hivi. Kabla hatujapelekwa mashuleni, tulipelekwa kwanza kwenye shule ya mazoezi. Mwanachuo aliingia darasani na andalio la somo lake, na mkufunzi akaketi nyuma kimya na daftari mapajani. Somo langu la kwanza liliharibika. Hesabu ya ubaoni ilinigomea, watoto wakacheka, jasho likanitoka. Kesho yake nikalirudia somo lile lile, na safari hii likaenda. Hakuna aliyeumia. Kosa lilikosewa mahali lilipotengewa.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya mjukuu wangu. Yeye anafanya kazi Dodoma, na kwa akiba yake amenunua gari la mbio, la milango miwili, lililoinama kama chui anayenyemelea, ambalo lilikwisha kutumika Japani. Jioni moja alifika hapa Singida mjini kunisalimu. Nilipokwisha kumwitikia shikamoo yake, kabla hata hajaketi, akaniambia kwa furaha: "Babu, kutoka Dodoma nimetumia saa moja na dakika hamsini!"

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akitajiwa saa na mwendo hupiga hesabu. Kutoka Dodoma hadi hapa ni kilometa 240 hivi. Basi mwendo wake wa wastani ulizidi kilometa 130 kwa saa. Katikati pana Bahi, Kintinku, mlima wa Saranda, Manyoni na Ikungi, na vijiji vingine ambamo sheria inataka mwendo usiozidi 50. Nikanyamaza. Akadhani nimefurahi.

Sikufurahi, na ndugu msomaji nitakueleza kwa nini. Shule ya mwisho niliyoiongoza kabla ya kustaafu ilikuwa kando ya barabara. Lami ilipofika tulishangilia sote, kwa maana tulikwisha kuchoka na vumbi na matope. Mwaka ule ule, asubuhi moja, mtoto wa darasa la tatu alikuwa akivuka na dumu lake la maji ya shule. Kijana mmoja, mwenye gari lake mwenyewe, akamgonga. Kijana yule hakukimbia wala hakuwa mlevi. Nilimkuta ameketi kwenye ukingo wa barabara, analia, na kila aliyemsogelea alimwambia maneno yale yale: "Nilidhani litasimama."

Nilirudi ofisini nikafungua daftari la mahudhurio. Jina la mtoto lilikuwa la kumi na nne. Nimesahau majina mengi ya wanafunzi wangu, lakini mstari ule sikuusahau. Na maneno ya yule kijana nayo sikuyasahau. Alidhani. Hakuwahi kupata mahali pa kujua.

Ndipo, kwa kuwa nilikuwa mwalimu wa historia, nikaanza kujiuliza: katika Afrika Mashariki yetu, mtu mwenye gari lake mwenyewe, asiyelipwa na kampuni yoyote, alijifunzia wapi mwendo wa kasi?

Jibu linaanzia Kenya, baada ya Vita Kuu ya Pili. Karibu na Gilgil, katika Bonde la Ufa, palikuwa na mahali paitwapo Langa Langa, palipokuwa na kambi ya jeshi wakati wa vita. Barabara iliyoizunguka kambi ile ikageuzwa kuwa uwanja wa mbio. Walowezi wenye magari walikwenda pale, wakazunguka, wakarudi pale pale walipoanzia, wakazunguka tena. Ulikuwa mchezo wa tabaka moja la watu, na babu zetu waliuona, kama waliuona, wakiwa nje ya ua. Lakini huo ndio uwanja wa namna hiyo uliotajwa sana katika historia hii, na umetajwa hasa kwa sababu ya mtu aliyeudharau.

Mtu huyo ni Neil Vincent. Binamu yake, Eric Cecil, alikuwa mtu wa mashindano ya magari, na alimshawishi aje kushindana Langa Langa. Vincent akakataa. Alisema hakuna jambo linalochosha kama kuzunguka mahali pamoja, lakini kama mtu angeandaa safari ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, hapo angeingia. Cecil na wenzake wakalichukua neno lile. Tarehe 27 Mei 1953 yakaanza mashindano yaliyoitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika yetu.

Kanuni za mwaka ule zinapendeza mwalimu kuzisoma. Magari yalitakiwa yawe kama yanavyouzwa dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Kwa maneno mengine, yalikuwa mashindano ya wenye magari. Kagari kadogo ka Volkswagen kaliweza kutiwa katika hesabu moja na gari la tajiri, na kwa hakika Volkswagen ilitia fora mwaka huo wa kwanza na mwaka uliofuata.

Mimi magari yale sikuyaona kwa macho. Niliyasikia redioni, siku za Pasaka, tukiwa tumejazana kwenye baraza la mwenye duka aliyekuwa na redio. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi, na gari aliliandaa kwa mikono yake. Mwaka 1966 na tena 1967 akashinda Bert Shankland, fundi Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani wake Chris Rothwell katika Peugeot 404. Tulimshangilia kama mtu wetu. Hatukumwona kuwa Mzungu siku ile. Alikuwa Mtanzania aliyewashinda Wakenya. Watoto tukatengeneza magari ya vijiti na mabati, na kila gari lilikuwa 404.

Sifa za Safari zilikuwa katika ugumu wake. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7 tu. Mwaka 1968 yakarudi 7 tena. Sisi tulizihesabu namba hizo kama mashujaa wanavyohesabiwa.

Leo, katika uzee, najiuliza swali ambalo pale barazani hakuna aliyeuliza. Safari ile ilikimbizwa katika barabara za watu. Hazikufungwa. Ng'ombe walikuwamo, malori yalikuwamo, akina mama wenye kuni vichwani walikuwamo. Tulisikia habari za magari 77 yasiyorudi, na hakuna aliyejiuliza kuhusu watu waliokuwa kando ya barabara yalipopita. Redio haikututajia, nasi hatukudai. Tulichojifunza, bila kujua kuwa tunajifunza, ni kwamba barabara ya umma ndipo mahali pa mwanamume kujipima. Neno la Vincent lilitushinda nguvu. Langa Langa ikadharauliwa kwa sababu ilikuwa inachosha.

Baadaye mchezo wenyewe ukaondoka mikononi mwa wenye magari. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda, na mwaka 1973 Safari ikaingizwa katika mashindano ya dunia. Kampuni za Ulaya na Japani zikaja na mafundi wao na vipuri vyao, hata na ndege. Katikati ya miaka hiyo Safari ikabaki Kenya peke yake. Kwetu Tanzania ikaja miaka ya shida ya mafuta, hata magari ya watu binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Nani angezungumzia mbio? Hapa mkoani petroli ilisubiriwa kama mvua.

Kisha mambo yakageuka. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika, na lami ikafika. Kijana ambaye baba yake alikuwa na baiskeli sasa ana gari lenye nguvu kuliko lile la Shankland. Kasi imerudi, lakini imerudi bila shule. Ni kama kuwafungulia wanachuo mlango na kuwaambia, nendeni mkafundishe, shule ya mazoezi hatuna.

Sasa uwanja wa kuzunguka unafundisha nini hasa? Nimewauliza wanaojua, nami naeleza kama nilivyoelewa. Kwanza, tairi lina mshiko wenye kiasi, mfano wa fedha katika mkoba. Unaweza kuutumia kwa kufunga breki, au kwa kukata kona, au kidogo huku na kidogo huku. Ukiutumia wote kwa breki, kona haikubaki na kitu, na gari huenda moja kwa moja hata usukani ukiwa umepinda. Kwa hiyo breki hufungwa kabla ya kona, gari likiwa limenyooka, na mafuta hukanyagwa taratibu baada ya kuiona njia ya kutokea. Pili, macho hutangulia mbele sana, kwa maana gari huelekea dereva anakotazama. Tatu, breki huchoka. Zikipata moto kupita kiasi hupoteza nguvu, kama wanavyojua madereva wa malori wanaoteremka mlima Sekenke kuelekea mbuga za Wembere.

Na la nne ndilo la yule kijana wangu wa barabarani. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Gari likiwa katika kilometa 120 kwa saa hukata mita 33 kwa sekunde moja, na sekunde hiyo hupita kabla mguu haujafika kwenye breki. Haya nimeyaandika ubaoni mara nyingi. Wanafunzi waliyanakili, wakapata vema. Lakini kuyajua kwa kalamu ni jambo moja, na kuyajua kwa mwili ni jambo lingine. Uwanjani dereva huyajua kwa mwili: huchelewa kufunga breki, hupita kona, huishia majanini, hurudi akiwa na aibu, kisha hujaribu tena kona ile ile. Kule kuzunguka kulikomchosha Vincent ndiko kunakofundisha. Ni somo lile lile, ubao ule ule, na kosa la jana linakungoja leo ulisahihishe.

Wajerumani walilifahamu hilo zamani. Uwanja wao wa Nürburgring, uliofunguliwa mwaka 1927, una mzunguko wa kilometa 20 na ushei, na tangu mwanzo mtu wa kawaida aliweza kulipa akaingia na gari lake. Hapa kwetu Afrika Mashariki, wenye magari binafsi wa Kenya wameanzisha katika miaka ya karibuni mashindano waliyoyaita KiambuRing. Barabara ya huko Kiambu, penye mashamba ya chai, hufungwa kwa siku hiyo, na kila mmoja hukimbia peke yake akishindana na saa. Hata Safari yenyewe, iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, hukimbizwa katika njia zilizofungwa. Baada ya miaka 70, Langa Langa imeshinda hoja.

Hayo yote nilimweleza mjukuu wangu usiku ule, na mwisho nikamweleza habari za jina la kumi na nne. Sikumkataza gari lake. Ni mtu mzima, na fedha ni zake. Nilimwambia tu kwamba wahenga waliposema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, hawakutaja ada, na kwamba ada ya barabara hulipwa mara nyingi na mtoto wa mtu mwingine. Alisikiliza akitazama chini. Asubuhi akaondoka.

Ilipita miezi mingi. Siku moja akanipigia simu akiwa Kenya. Mara ya kwanza alikwenda Kiambu na rafiki zake wa Arusha kutazama tu. Mara hii alikuwa ameendesha. Nikamwuliza amekuwa wa ngapi.

"Babu," akasema, "nimekuwa wa pili."

"Hongera!"

"Wa pili kutoka mwisho." Akacheka, kisha akanyamaza kidogo. "Mzee mmoja mwenye gari la zamani amenipita mbali sana. Kumbe nilikuwa sijui kufunga breki."

Katika miaka yangu yote ya ukuu wa shule, sijui kama nilipata kusikia jibu la mtihani lililonifurahisha zaidi ya hilo.

Mwezi uliofuata alikuja kunitembelea. Alikuwa ameniambia saa aliyoondoka Dodoma, nami nilikaa barazani na saa yangu ya mkono, kama mkufunzi nyuma ya darasa. Alifika baada ya saa tatu na robo. Alinisalimu, akaketi, akaomba maji ya kunywa. Habari za muda hakuzitaja, nami sikumwuliza.