Njiwa, sungura au chinchila: kabla ya kumnunulia mtoto, pima joto la nyumba yako

Likizo za shule zikikaribia, wazazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe huniuliza swali moja: mtoto anataka mnyama wa kufuga, tumchukulie nani? Paka wamejaa mitaani, mbwa wengi wetu hatumwingizi ndani, kwa hivyo hubakia ndege au sungura. Siku hizi ameongezeka wa tatu, chinchila, mnyama mdogo mwenye manyoya laini kama pamba ambaye watoto humuona kwenye simu.

Kabla ya kuuliza bei, jiulize mambo matatu: joto la nyumba yako, nafasi uliyo nayo, na nani atakayemlisha mtoto akirudi shule. Hili la tatu si dogo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametueleza habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwachilia akajitafutie. Hapo hapo tunayo habari ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea, na Mtume akimtania kwa upole kukihusu. Wanavyuoni wengi wametoa humo ruhusa ya kuweka ndege nyumbani, maadamu analishwa na hateswi. Kufuga kunaruhusiwa, lakini ni amana. Sheria ya Kenya nayo, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inamhesabu mkosaji anayemwacha mnyama wake na njaa na kiu.

Njiwa na ndege wengine

Kwa hali ya hewa yetu, njiwa ndiye mwepesi kuliko wote. Joto analistahimili, na chakula chake kinapatikana dukani: mtama, mahindi ya kupasuliwa, choroko. Muongezee changarawe ndogo za kumsaidia kusaga, na beseni la maji, kwa sababu njiwa hupenda kuoga. Nunua jozi. Jike hutaga mayai 2, na yeye na dume huyaatamia kwa zamu kiasi cha siku 18. Makinda huruka wakifika wiki 4 au 5. Mtoto anayetazama haya yote uani kwake hujifunza mengi.

Njiwa mgeni usimfungulie mapema, atarudi kwa mwenyewe wa kwanza. Mfungie bandani wiki 3 au 4 apazoee. Banda liwe juu, lenye wavu usiopitisha paka shume usiku wala kunguru mchana. Kunguru wetu hawa wanakula mayai na makinda bila huruma.

Tatizo la njiwa ni jirani. Kinyesi kinaangukia nguo zilizoanikwa, na kwenye bati ambalo maji yake ya mvua huingia tangini. Ukikaa nyumba ya kupanga yenye ua wa pamoja, zungumza na wenzako kwanza. Kinyesi kikavu kina vumbi linalodhuru mapafu, basi kinyunyizie maji kabla ya kufagia na ujifunike pua na mdomo. Nyumba yenye mgonjwa wa pumu, njiwa na wakae mbali na dirisha lake. Na vijana wasigeuze njiwa kuwa kamari, wala kisingizio cha kupanda mapaani kuchungulia ua za watu.

Wasio na ua wanaweza kuweka kasuku wadogo wa Australia, wale wa kijani na manjano wanaouzwa wawili wawili. Asili yao ni nchi kavu yenye joto, na tundu pana sebuleni linawatosha. Lakini mapafu ya ndege ni mepesi mno. Moshi wa udi na ubani, jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kupuliza, na sufuria isiyoshika chakula ikiungua, vyote vinaweza kumuua ndege wa tundu. Nyumba inayofukizwa kila Ijumaa lazima iwe na chumba kingine cha kumhamishia.

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ni habari nyingine. Tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku hawa waliotolewa mwituni imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES. Hapa Kenya, sheria ya wanyamapori ya 2013 inamtaka mwenye ndege kama huyu awe na kibali cha KWS. Ukiuziwa kichochoroni bila karatasi, kesi ni yako. Isitoshe, kasuku huyu huishi miaka 40 na zaidi, na mwenye umri kama wangu hana budi kumtaja katika wasia. Vilevile msiwatume watoto kutega chiriku na tetere vichakani. Hao ni ndege wa mwituni, si wa kufungwa.

Sungura

Sungura ni mpole, hana kelele, na anafaa ploti ndogo. Adui yake ni joto. Hatoki jasho kama sisi, na joto lake jingi hutokea masikioni. Likipita nyuzi 30 huanza kutaabika. Kwetu kaskazi, mwezi wa Machi, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na chini ya bati ni zaidi. Ndiyo maana sungura wengi hufa adhuhuri na watu wakasema ni jicho la hasidi.

Banda lake liezekwe makuti, liwe chini ya mwembe au upande wa ukuta usiopigwa na jua la alasiri, liinuliwe kutoka chini, na upepo upite. Maji yasikauke. Mchana wa joto kali weka ndani chupa ya maji yaliyoganda, uizungushie kitambaa, ili ajilaze karibu nayo. Ukimuona anahema mbio, amelegea na mate yanamtoka, mpeleke kivulini, mlowanishe masikio kwa maji ya kawaida, kisha umtafute daktari wa mifugo.

Chakula chake kikuu ni nyasi, hasa nyasi kavu, kwa sababu meno yake hayaachi kukua na nyasi ndizo zinazoyasugua. Majani ya viazi vitamu na ya karoti anayapenda. Kabeji nyingi humjaza gesi, na parachichi ni sumu kwake, kama ilivyo kwa ndege. Sungura aliyekataa kula siku nzima ni mgonjwa, usingoje kesho. Usimnyanyue kwa masikio, shika kifua na makalio.

Dume na jike watenganishwe wakifika miezi 3, la sivyo utapata makinda kila mwezi, maana mimba yake ni siku 31 hivi. Jambo jingine: sungura ni halali kuliwa, na wajomba wanalijua. Kateni shauri mapema, huyu ni wa kitoweo au ni rafiki wa mtoto. Aliyepewa jina na mtoto asichinjwe mtoto akiwa madrasa.

Chinchila

Kwa huyu nasema waziwazi: usimlete Mombasa. Kwao ni milima ya Andes, Amerika Kusini, mahali pakavu na pa baridi. Manyoya yake ni mazito kupita kiasi na haogi maji, huoga vumbi. Joto likivuka nyuzi 25 yuko hatarini, na kwetu kaskazi mchana huvuka hapo kwa mbali. Kumuweka hai kungetaka kipoza hewa mchana na usiku, na stima ikipotea saa chache tu za mchana, amekwenda. Zaidi ya hayo hulala mchana, mtoto anapotaka kucheza, na huishi zaidi ya miaka 10. Hata mwenye fedha za kipoza hewa ajiulize ni nani anayefaidika.

Basi chagua hivi

Mwenye ua wake na majirani waliokubali, achukue njiwa. Mwenye kivuli cha kweli na mtu wa nyumbani mchana, achukue sungura. Mwenye chumba cha juu bila ua, achukue kasuku wadogo. Asiye na kimoja katika haya asione haya kumwambia mtoto bado. Amwekee bakuli la maji dirishani, shomoro watakuja wenyewe na kuondoka wakitaka.

Aliyeamua, ajenge banda kwanza, akae nalo wiki moja akilipima joto saa saba mchana. Yeye mwenyewe akishindwa kukaa hapo nusu saa, mnyama asimnunue.