Anayepanda Oktoba: Historia ya Bustani za Kukodi za Nottingham

Kitunguu saumu kikipandwa Nottingham mwezi wa Oktoba, huvunwa Julai. Punje yake inahitaji wiki kadhaa za baridi ndipo ijigawe. Ikikosa baridi hiyo, mkulima hung'oa kidonge kimoja cha duara kisicho na punje ndani. Kwa hiyo miezi tisa ardhi inakaa na mbegu yako bila kukupa chochote. Kabla ya kuuliza habari za mboji na nafasi kati ya mashimo, mkulima wa nchi ya baridi ana swali la kwanza: je, Julai nitakuwa bado nimo katika kipande hiki?

Swali hilo nililijua tangu kwetu Lushoto. Aliyeazimwa shamba alipanda maharage na mahindi. Mti hakupanda, kwa kuwa mti ni dai juu ya ardhi, na mwenye shamba asingekubali. Nilipopata kipande cha kukodi katika bustani za St Ann's, jirani zangu wazee walinifundisha kazi za Septemba na Oktoba: kuchimbua viazi kabla ya jalidi, kukusanya majani yaliyopukutika yaoze, kukata ua, kufunika miche. Nimezifanya kazi hizo nikiwa na hamu ya kujua zilitoka wapi, na kila nilipochimba nimekuta jambo lilelile. Kujiandaa kwa baridi ni kazi ya mtu mwenye uhakika wa kubaki.

St Ann's ni bustani za kukodi zenye ukubwa wa ekari zipatazo 75, zaidi ya vipande 600, na leo serikali inazilinda kama urithi wa kihistoria. Ziligawanywa miaka ya 1830, wakati Nottingham ulikuwa mji wa watu wapatao 50,000 waliosongamana vibaya. Mji ulizungukwa na ardhi ya malisho ya pamoja ambayo wenye haki nayo hawakutaka ijengwe, mpaka sheria ya 1845 ilipofungua mipaka. Nyumba zilibanana migongo kwa migongo, bila ua wala upenyo wa hewa. Mwenye duka au wakili aliyemudu kodi alipanda vilima vya Hunger Hill, palipo na bustani hizo, akazungushia kipande chake ua wa miti ya miiba, akajenga kijumba cha matofali chenye meko. Baadhi ya vijumba hivyo vimesimama hadi leo. Meko ndiyo inayonipa habari zaidi: hakuna anayejenga meko mahali anapokusudia kuja majira ya joto tu.

Baadaye matajiri walihamia nyumba zenye bustani zao, na vilima vikashikwa na wafanyakazi, wakiwemo mafundi wa viwandani katika mji ulioishi kwa kufuma lesi. Habari zao tunazo kutoka kwa kasisi Samuel Reynolds Hole, mpenzi mkubwa wa mawaridi, ambaye mwaka 1858 aliandaa London maonyesho ya kwanza ya kitaifa ya maua hayo. Katika kitabu chake cha 1869 anasimulia jinsi wafanyakazi wa Nottingham walivyomwandikia wakimwomba awe mwamuzi wa maonyesho yao ya mawaridi siku ya Jumatatu ya Pasaka. Alidhani ni mzaha, maana waridi la nje halichanui Uingereza mwezi wa Aprili. Alipokwenda alikuta maua mazuri ajabu katika ukumbi wa baa, yaliyokuzwa katika vibanda vidogo vya vioo. Aliambiwa pia kwamba baridi ilipokuwa kali, haikuwa ajabu kwa familia kutoa mablanketi kitandani na kuyapeleka bustanini yakafunike mawaridi.

Mimi huyafikiria mablanketi hayo kila nifunikapo miche yangu kwa kitambaa cheupe cha dukani. Familia ilikubali kulala na baridi kwa ajili ya ua ambalo halikuwa chakula wala mshahara. Sioni upuuzi hapo. Naona watu waliokuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo kazi ya mikono yao ilikuwa yao wenyewe.

Lakini uhakika wa mpangaji ulikuwa dhaifu. Sheria ya 1908 ililazimisha halmashauri kutafuta vipande kwa wananchi wanaovihitaji, na Vita Kuu ya kwanza ilivipandisha hadi takriban milioni moja na nusu nchini. Amani iliporudi, wenye ardhi walianza kuidai. Mtu angeweza kufukuzwa kabichi zikiwa bado bichi. Malalamiko hayo yalizaa sheria ya 1922, ambayo kwangu ni sheria iliyoandikwa na mtu anayejua bustani: notisi iwe ya miezi sita, na iishe ama kabla au siku yenyewe ya tarehe 6 Aprili, ama kuanzia 29 Septemba. Yaani mpangaji asitolewe katikati ya msimu. Mwaka 1950 notisi ikaongezwa kuwa ya miezi kumi na miwili. Hapo kitunguu saumu cha Oktoba kikapata ulinzi imara zaidi.

Kati ya sheria ya 1922 na ya 1950 kulikuwa na vita vingine. Oktoba 1939 serikali ilitoa wito wa vipande nusu milioni zaidi, na kampeni ikajulikana kama Lima kwa Ushindi. Ilianza wakati majani yanapukutika, na Januari iliyofuata ikawa ya baridi kuliko yoyote kwa zaidi ya miaka arobaini. Wataalamu walisisitiza jambo ambalo wanaoanza kulima hulisahau: usipande ukashiba Agosti ukakosa mboga Februari. Liki na kabichi za kustahimili baridi ziliingia katika ratiba, viazi vikafukiwa chini ya nyasi kavu na udongo, karoti zikahifadhiwa kwenye mchanga.

Ratiba hiyo ndiyo naifuata bado. Septemba nachimbua viazi siku kavu, navianika kidogo ngozi ikauke, kisha navitia gizani. Oktoba napanda punje za vitunguu saumu kwa kina cha vidole viwili, ncha juu. Ardhi iliyobaki wazi naifunika kwa mboji, mvua isisombe rutuba yake.

Nikirudi Dar es Salaam naona wakulima hodari wa mchicha kando ya mito na kwenye viwanja visivyojengwa. Wageni wanaotembelea mji husema watu hao hawafikirii mbele, kwa kuwa hupanda cha kuvunwa baada ya wiki tatu au nne. Nawapinga kwa nguvu. Mkulima hupanda kadiri ya notisi anayotarajia kupewa. Mafundi wa Nottingham hawakuzaliwa na subira kuliko wao. Walipata ua, kijumba, na hatimaye sheria yenye tarehe. Halmashauri zetu zikitaka miembe na rutuba ya kudumu mijini, zianze kwa kuwaandikia wakulima mkataba usiovunjwa kabla ya mavuno.